Chimba Polepole, Kuna Bomba

Nimestaafu, lakini mikono yangu bado haijapata habari. Juzi jirani yangu hapa Kibomet alianza kuchimba shimo la nguzo ya geti, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeshasimama uani kwake, leso kiunoni, nikimwuliza kama anajua bomba la maji limepita wapi.

"Si ulistaafu, Mama Nanjala?" akaniuliza.

"Mimi nilistaafu. Bomba bado iko kazini."

Tulilikuta palepale alipotaka kusimamisha nguzo. Yeye akashika kichwa. Mimi nilirudi nyumbani nikitembea kama msichana aliyepata barua ya kwenda shule, maana miaka yote hii sijazoea: kila ninapogusa kwa vidole kitu kilichojificha ardhini, kabla hakijaguswa na chuma, moyo unaruka.

Siku ile ya chakula cha kuniaga, ninyi vijana wa kikosi mliniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Haya, nimeketi. Nilivyopandishwa vyeo sitaandika, na mshahara pia sitauandika. Cheo mtadhani najigamba, na mshahara mtacheka. Nitaandika udongo, mabomba, na watu walionifundisha kuviheshimu.

Nilianza kama kibarua. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa ikilaza mabomba ya maji kando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Endebess. Wanaume walipewa sururu, na sisi wanawake wachache tukapewa karai za kubebea udongo. Jina langu, Nanjala, hupewa mtoto aliyezaliwa msimu wa njaa, na labda ndiyo sababu siku hiyo nilifika mapema kuliko wote: niliambiwa kuna chai na mkate.

Msimamizi wetu alikuwa fundi wa mabomba aitwaye Hamisi, mtu wa Bungoma mjini, aliyezaliwa na kulelewa nyumba chache kutoka msikitini. Watu walimwita Mzee Hamisi ingawa ndevu zake zilikuwa nyeusi tii. Uzee alipewa kwa ajili ya ukali wake. Kila asubuhi alipangusa gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira, kwa kitambaa mpaka zikang'aa, kisha akaingia nazo matopeni. Hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Karibu na saa ya chai niliinama kuzoa udongo nikaona kitu. Udongo wetu wa Kitale ni mwekundu, na mtaro wote ulikuwa mwekundu, lakini mahali hapo wekundu ulikuwa umechanganyika na udongo wa kijivu wa chini. Nikaweka karai, nikaanza kuufikicha kwa vidole.

"Wewe wa karai!" Mzee Hamisi akanguruma. "Unatafuta nini hapo, minyoo?"

"Fundi, hii udongo si moja. Hapa kuna mtu alichimba zamani akarudisha."

Akashuka mtaroni na gambuti zake safi. Akachuchumaa, akachukua donge, akalivunja.

"Nani alikufundisha hii?"

"Nimelima, Fundi. Shamba ikishalimwa, hata ikikaa, inajulikana tu."

Alisimama, akapaza sauti hadi mwisho wa mtaro: "Sururu zote juu! Hakuna mtu anapiga kitu hapa!" Kisha akaniletea beleshi lake mwenyewe. Pembe zake alikuwa amezisaga kwa tupa mpaka zikawa za mviringo. Akanionyesha nisilichome wima kama ninayeua nyoka, bali nililaze na kukwangua kutoka ubavuni, tabaka baada ya tabaka, na udongo ukianza kulegea niache beleshi nitumie mikono. Nikakwangua. Nikapapasa. Halafu vidole vyangu vikagusa kitu baridi, kigumu, cha mviringo.

Nilipiga kelele hadi wapita njia wakasimama.

"Umeumwa?" Mzee Hamisi akauliza.

"Nimepata! Fundi, nimepata!"

"Basi nyamaza, kabla wenye bomba hawajafikiri tumeliiba."

Lilikuwa bomba kuukuu la maji lililokuwa likipeleka maji kwa nyumba nyingi, na mwanamume mmoja alikuwa amebakiza pigo moja la sururu alitoboe. Kuanzia siku hiyo sikubeba karai tena. Nilitembea mbele ya wachimbaji nikisoma ardhi, na Mzee Hamisi akitembea nyuma yangu akinung'unika.

Alinifundisha kuuliza kabla ya kuchimba. Aliuliza kila mtu: afisa wa maji, watu wa umeme, mlinzi wa lango, na zaidi ya wote bibi aliyeuza mboga mahali pamoja miaka mingi, kwa kuwa huyo ndiye aliyewaona waliochimba kabla yetu. Alinifundisha kuangalia vifuniko, valvu, mita, na mstari wa nyasi zilizonawiri kuliko jirani zake. Na hata akishajibiwa na wote, bado alituchimbisha kwa mkono mashimo madogo ya kuangalia, moja hapa, jingine pale, ili tulione bomba kwa macho kabla ya sururu kushuka. Vibarua walilalamika. Alikuwa na jibu moja tu: "Nionyeshe bomba, nikuonyeshe lunchi."

Baadaye kampuni ilinunua mashine ya kutafuta mabomba, kitu cha mkononi kirefu chenye kichwa kilichoelekezwa chini, kinacholia kikipita juu ya chuma au waya. Tulikiita Simba, kama mbwa, kwa sababu kilinusa. Nilipokishika mara ya kwanza kikaanza kulia taratibu, kisha kwa nguvu, kisha kikapungua, nilisikia nywele zikinisimama. Nilikuwa nimesikia bomba likipita chini ya miguu yangu! Siku nzima nilikataa kumpa mtu mwingine. Mzee Hamisi alinitazama tu, na jioni akasema: "Simba ni mzuri. Lakini mbwa halii kwa kitu asichokijua. Bomba ya plastiki isiyo na waya, atapita juu yake akitingisha mkia."

Wakati huohuo tulipata eskaveta, mtambo wa kuchimbia, na pamoja nayo dereva wake, Simiyu, kijana wa Kamukuywa mwenye mabega kama mlango. Simiyu, kama wengi wa huku kwetu, aliziacha l na r zibadilishane viti zinavyotaka. Lakini ile ndoo kubwa ya chuma aliishika kama mama anayeshika kijiko cha mtoto. Angeweza kukwangua udongo unene wa chapati. Tulikubaliana tangu mwanzo: mimi nikiwa mbele yake, hatazami mtu mwingine, hata kama ni mkubwa wa kampuni. Na pale tulipoweka alama za bomba, mtambo ulisimama mbali, mikono ikamalizia.

"Mama, wewe ndiyo macho," aliniambia. "Mimi ni mukono tu."

Halafu gesi ikaja. Hospitali, shule za bweni na viwanda vya maziwa vilianza kuacha kuni na kuweka matangi makubwa ya gesi nje, na mabomba ya manjano yaliyofukiwa kutoka tangini hadi jikoni. Tulipelekwa mafunzo Kitale. Mkufunzi alituweka uwanjani, mbali na majengo, akainamisha bati refu lililokunjwa kama mfereji, akaweka mshumaa unaowaka upande wa chini. Upande wa juu akaachilia gesi kidogo. Tukasubiri. Hakuna kitu kilichoonekana. Vijana wakaanza kunong'ona ati imeisha. Ghafla moto ukalipuka kwenye mshumaa, ukapanda mfereji wote mbio kama mjusi anayefukuzwa, hadi juu.

Tuliruka nyuma sote. Simiyu aliruka mbali zaidi, na alikuwa amesimama mbali zaidi.

"Hii gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa," mkufunzi akasema. "Haipandi ikaenda zake. Inateremka kama maji, inalala kwenye mitaro, kwenye kalavati za chini ya barabara, kwenye mashimo, inangoja mtu mwenye moto. Mkisikia ile harufu ya kitunguu kilichooza, musiangalie juu. Angalieni chini, muulize maji yangeenda wapi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na woga na furaha kwa pamoja. Nilikuwa nimeijua kazi yangu, na sasa ilikuwa imeota meno.

Kazi iliyonisumbua kuliko zote kwa kutafuta bomba ilikuwa ya Endebess, katika kiwanda kidogo cha maziwa. Walitaka kupitisha bomba la maji machafu mahali palipokuwa na bomba la gesi la plastiki. Bomba kama hilo hufukiwa pamoja na waya mwembamba ili Simba apate cha kunusa, lakini waya huu ulikuwa umekatika mahali fulani, na Simba alipita kimya. Injinia wetu, Koech, alikuwa kijana mpole aliyeweza kukaa na mchoro kama mtu anayesoma Biblia. Mchoro ulionyesha bomba likipita kando ya ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa umebomolewa na kujengwa upya mahali pengine.

Nilisoma ardhi. Haikusomeka, malori ya maziwa yalikuwa yameikanyaga ikawa kama sakafu. Nikachimba shimo la kuangalia, tupu. La pili, tupu. Meneja wa kiwanda akaja mara kwa mara kututazama, akitikisa kichwa. Ndipo Koech akauliza swali ambalo mimi singewahi kuliuliza: "Huu mti wa mvule umekatwa lini?" Alikuwa amesimama juu ya kisiki. Kwenye mchoro kulikuwa na duara dogo, ambalo sote tulidhani ni tangi. Lilikuwa mti! Akapima kutoka kwenye kisiki, mimi nikafuata na beleshi, na chini ya changarawe nikaanza kuona mchanga. Mchanga laini, wa mto, usio wa pale. Mwenye kulaza bomba vizuri hulitandikia mchanga.

"Koech! Mchanga!"

Akatupa mchoro chini, akapiga magoti na suruali yake safi. Tukachimbua kwa mikono, sote wawili, tukicheka kama watoto, mpaka ukaonekana utepe wa manjano wa onyo, na chini yake bomba lenyewe, zima, likiwa limelala kama nyoka aliyeshiba. Meneja alitushika mikono ilivyo na tope. Koech ndiye aliyelipata bomba lile, na hadi leo tukikutana hunisalimia kwa neno moja: "Mchanga!"

Sasa nifike Bungoma.

Ilikuwa hospitali moja iliyojengwa kwenye mteremko. Juu kabisa kulikuwa na tangi la gesi ndani ya uzio wa waya, katikati jiko na wodi, na chini, nje ya lango, barabara yenye mtaro mkubwa na vibanda vya biashara. Tulikuwa tunachimba mfereji mpya wa maji ya mvua kushuka hadi mtaro huo. Tulifanya kila kitu. Tuliuliza, tukapitisha Simba, tukaweka alama, tukalifukua kwa mikono bomba kubwa la gesi na kulitegemeza kwa mbao lisining'inie. Mchana ule Simiyu alikuwa anachimba mbali nalo kabisa, mahali ambapo mchoro ulikuwa mweupe na mashimo yetu ya kuangalia yalitoka tupu.

Nilikuwa mbele yake. Ndoo ilishuka, ikakwangua, ikainuka, na kwenye jino lake la mwisho kulikuwa na kitu cha manjano, kimevutika kama mzizi. Halafu nikasikia sauti. Kama jiko la stovu linalopampwa, ila kubwa, na haikuisha.

Lilikuwa tawi la zamani lililowahi kwenda kwenye chumba cha kufulia kilichofungwa. Plastiki, bila waya, bila utepe, bila mtu aliyelikumbuka. Lilipita katikati ya mashimo yetu mawili.

Simiyu alizima injini hapohapo, akaruka, akaja kwetu upande wa juu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kibarua mmoja aliinua beleshi afukie mahali palipotoboka, na Mzee Hamisi, ambaye sasa ndevu zake zilikuwa nyeupe kweli, akamzuia kwa kifua.

"Wacha! Ukifukia haitakufa, itatafuta njia nyingine. Simu zote zizimwe! Watu watoke, wapande juu! Koech, twende kwa tangi. Mercy, funga geti, hakuna bodaboda inaingia." Mercy alikuwa msichana mpya kikosini, na alikimbia kabla jina lake halijaisha kutamkwa. Kisha mzee akanigeukia. "Nanjala. Maji yangeenda wapi?"

Niliangalia chini. Mfereji wetu wenyewe, tuliouchimba kwa mikono yetu, ulikuwa umenyooka safi hadi barabarani, na mwisho wake palikuwa na moshi. Mama wa mandazi. Kijana wa kuchomelea vyuma. Mchoma mahindi.

Nilikimbia. Sikukimbia ndani ya mfereji wala ubavuni mwake. Nilizunguka upande ambao upepo ulitoka, nikipita kwenye maua ya hospitali, na kofia yangu ngumu ikaanguka nikaiacha. Nilikuwa na woga, sitadanganya, lakini miguu ilikuwa myepesi ajabu, na kila kitu nilikiona wazi: kila jani, kila cheche.

Mama wa mandazi alikuwa mama mmoja wa kutoka Mlima Elgon, tuliyemwita Mama Chebet, na kila siku tulinunua kwake.

"Zima jiko! Gesi inakuja!"

"Gesi gani? Mafuta imechemka sasa hivi!"

"Mama, itatuua sote. Epua!"

Alinitazama mara moja tu usoni. Hakuuliza tena. Akashika karai ya mafuta kwa leso, akaishusha chini upande wa pili, kisha sote wawili tukamwagia makaa udongo, mikono miwili miwili, kama kuku wanaochakura. Maji tusingemwaga karibu na mafuta yale. Akamgeukia mchoma mahindi, akamwambia kwa Kisabaot maneno ambayo sikuyaelewa, lakini jiko la mahindi lilizikwa kabla hajamaliza.

Alibaki kijana wa kuchomelea. Alikuwa amevaa kinyago, jenereta lake likiunguruma, cheche zikiruka. Nilimwita, hakusikia. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikaipata ile harufu: kitunguu kilichooza, hafifu, ikitoka mtaroni. Niliokota bonge la udongo nikamrushia mgongoni kwa nguvu zote.

Akageuka na kinyago chake, amekasirika. "Niaje mathe! Unanirushia nini?"

"Gesi! Nusa!"

Alivua kinyago, akanusa, macho yakamtoka. Aliweka chini kishikio cha kuchomelea, akazima jenereta lake, lililokuwa nyuma ya kibanda mbali na mtaro, na tukaondoka wote, tukiwasukuma wateja na watoto wa shule, tukikatiza barabara kupanda upande wa pili. Hakuna aliyefuata mtaro. Pale chini Mercy alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono imetanuliwa, mbele ya bodaboda nyingi zilizokuwa zikimtukana, na hakuna hata moja iliyopita.

Huko juu manesi walikuwa wanawatoa kina mama kwenye wodi iliyo karibu na mfereji, wakiwasukuma na vitanda vyao hadi kwenye nyasi za kanisa la hospitali. Mama mmoja alikuwa kwenye uchungu wa kuzaa. Sauti yake ilitufikia hadi ng'ambo ya barabara: "Aletwe hapa! Huyo ametoboa bomba aletwe hapa nimuone!"

Ya tangini Koech alinisimulia baadaye. Uzio ulikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa ametumwa sokoni. Askari wa lango akaleta nyundo. Mzee Hamisi akaisukuma kando; hakutaka chuma kigongwe chuma karibu na gesi. Akavua gambuti zake, akaziweka vizuri pamoja, akapanda uzio kwa soksi. Mzee mwenye wajukuu! Suruali yake ilinaswa juu ikachanika kutoka kiunoni hadi gotini, akatua ndani, akaifunga valvu kwa mikono miwili.

Tuliokuwa chini tulisikia tu ile sauti ikidhoofika. Ikawa kama mtu anayevuta pumzi. Ikaisha.

Hakuna aliyeshangilia bado. Zimamoto walifika, wakawaweka watu mbali zaidi. Koech akavaa kifaa cha kupimia gesi akapita nao kando ya mfereji, kwenye mtaro, kwenye mdomo wa kalavati, wakangoja upepo ufanye kazi yake, wakapima tena. Jua lilikuwa limeanza kulegea alipoinua mkono na kusema, "Iko sawa." Wakati huohuo, kutoka nyasi za kanisa, mtoto akalia.

Ndipo tukashangilia. Nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Mama Chebet alinikumbatia, akacheka, akalia kidogo, kisha akanionyesha karai yake. "Haya mandazi mbichi mutakula nyinyi," akasema, na tulikula, nusu mbichi, nusu na udongo. Nesi alikuja kuuliza dereva wa mtambo ni yupi, kwa kuwa mama mzazi bado alitaka kumwona. Simiyu alienda kama mtu anayepelekwa kortini. Alirudi macho yamelowa.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amenipea mutoto nimushike."

Kesho yake Simiyu hakuja kazini. Wala kesho kutwa. Simu alizima. Mzee Hamisi alikaa tu akitazama eskaveta kana kwamba ni ng'ombe aliyekataa kula. Jumapili nikaenda Kamukuywa. Nilimkuta nyuma ya nyumba yao akipalilia sukuma kwa jembe, taratibu mno, kama anayeogopa kuiamsha ardhi.

"Simiyu."

"Mama. Mimi sirudi. Ile sauti iko kwa masikio."

"Hata kwangu iko."

"Rakini wewe hukutoboa."

"Mimi ndiyo nilikuwa macho yako. Sikuona, kwa sababu haikuonekana. Lakini ulizima mtambo papo hapo. Ungechelewa kuzima, au ungekimbia ukaiacha ikinguruma, ningeenda kuzima jiko la nani?"

Alipalilia kidogo. "Sasa kama kuna ingine tena? Yenye hakuna mutu anajua?"

Swali hilo lilikuwa la haki. "Basi tuchimbe mfereji wote kwa mikono mpaka tuikute mwisho wake," nikamwambia. "Mzee amekubali. Mtambo utahamisha udongo tu. Lakini hakuna mwingine ninayemwamini kuketi kwa hicho kiti nikiwa mbele."

Jumatatu alikuja. Vibarua walimpigia makofi, naye akawaambia waache ujinga. Tulilifuata tawi lile kwa mabeleshi na vidole, kutoka mwanzo hadi kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, likakatwa na kuzibwa kwenye chanzo chake na mafundi wa gesi. Kisha Simiyu akapanda mtambo. Ndoo ikatetemeka hewani kidogo, ikatulia, ikashuka. Mzee Hamisi akatoa kitambaa akaanza kupangusa gambuti zake, akiwa amegeukia upande mwingine ili tusimwone uso. Mwaka huo alistaafu. Alifariki nyumbani kwake Bungoma, na kaburi lake lilichimbwa na kikosi chetu, kwa mkono, kuta zimenyooka wima. Tuliona haya kuchimba vibaya mbele yake.

Siku yangu ya mwisho mnaijua, mlikuwepo, lakini niandike nilivyoiona mimi. Ilikuwa shule ya wasichana, hapa karibu na Kitale. Mercy ndiye msimamizi sasa. Kazi ilikuwa imebaki kipande kifupi, kati ya mti wa jakaranda na jiko, na chakula cha kuniaga kilikuwa kinapoa kwenye bwalo. Nilitembea kipande hicho, nikatazama udongo, nikapitisha Simba, sikuona kitu, sikusikia kitu. Njaa ilikuwa inaniuma.

"Hapa hakuna," nikamwambia Simiyu. "Leta ndoo."

"Hapana, Simiyu," Mercy akasema. "Zima."

Nikamtazama. "Mercy, nimesoma ardhi hii kabla hujazaliwa."

"Najua, Mathe. Na bado tutachimba shimo ya kuangalia." Akachukua beleshi yeye mwenyewe, akaingia. "Pole kwa lunchi."

Mlinitazama mimi, kisha Mercy, kisha mimi. Simiyu alikuwa ameshazima mtambo, hakuningoja nikubali. Basi nikaketi chini kwenye nyasi, na Mercy akakwangua ubavuni, tabaka baada ya tabaka, kisha akaacha beleshi akapapasa kwa vidole. Alifika kina alichotaka. Akachimba kidogo upande wa kushoto, na kidogo upande wa kulia.

Udongo mwekundu, safi, ambao haujawahi kuguswa na mtu. Hakuna bomba, hakuna waya, hakuna kitu.

Mercy aliinuka, tope hadi kwenye viwiko, akicheka kama aliyeokota dhahabu. "Tupu!" akapiga kelele. "Sasa tunajua!"

Nami nikajikuta nimesimama, nikipiga vigelegele kwa shimo lisilo na kitu.